Mawe Aliyoyatoa Protase

Kabla jogoo hajawika, dumu la mvinyo wa ndizi chini ya kitanda cha Kokuhirwa lilitoa sauti: pu. Likanyamaza kama mgeni aliyeshiba. Kisha tena: pu.

"Umepatwa na nini?" akaliuliza.

Miaka yote mvinyo wake ulipochacha ulinguruma kama shemeji yake Athanasi akinyimwa nyama. Shamba lake lilikuwa juu ya mlima Chonyonyo, kwenye mteremko mkali wenye mawe meusi yanayomeguka bapa bapa kama vigae. Migomba yake ilikuwa mifupi na ndizi zake ndogo kama vidole vya mtoto. Lakini Beata, mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo kijijini, alikuwa akisema mvinyo wa mlimani una harufu ya peke yake, na unaukaza ulimi kidogo kabla ya kuuachia.

Mwaka huu Beata alikuwa na neno. Pikipiki haipandi kule, na wabebaji wamekuwa adimu. Kama mvinyo wa mlimani hauzidi wa bondeni kwa Athanasi, atachukua wa bondeni tu. Naye Protase, mwanawe Kokuhirwa, alishaandaa miche ya mikaratusi aipande kule juu, mama apumzike.

"Mama, utaanguka siku moja," alikuwa akimwambia.

Mama alishaanguka mara nyingi, ila hakuwa akisema.

Asubuhi Beata akaja, akapiga magoti, akaamkia. Athanasi akaja nyuma yake bila kualikwa. Kokuhirwa akaonja kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, kisha akampa Beata. Beata akauzungusha mdomoni, akatazama paa.

"Mtamu," akasema taratibu.

Kokuhirwa aliijua sauti ile. Ndiyo watu wanayoitumia kumsifu bibi harusi kwamba ana adabu, wakikosa kingine cha kusifu.

Athanasi akamaliza kikombe. "Huu ni wangu kabisa. Shemeji, siku hizi unaniibia ndizi?"

"Ndizi zako zimejaa maji. Hata mwizi angezirudisha."

"Na huu umejaa nini?"

Beata akauliza kwa upole, "Mama, shambani umebadili nini?"

Kokuhirwa akatazama nje. Kutoka mlangoni hadi jikoni kulikuwa na njia ya mawe meusi bapa. Protase aliyashusha kutoka shambani kiangazi chote, mama asiteleze kwenye tope, na mama aliisifu njia hiyo kwa kina mama wote wa kanisani. Sasa akaelewa, na moyo ukamwuma. Afadhali shamba lipotee kuliko kumwambia mtoto kwamba wema wake umeharibu mvinyo.

"Labda mvua," akasema.

"Mvua gani inabeba mawe?" akadakia Athanasi. "Protase kaukwangua mlima, kakuwekea lami mlangoni."

Protase aliyekuwa amesimama kizingitini akainamisha kichwa. "Niliyatoa, nikatandaza nyasi. Si ndivyo mabwana shamba wanavyotufundisha? Shamba safi."

"Kwenye mashamba ya tambarare, ndiyo," akasema Beata. "Kule juu mawe yanashika joto la jua hadi usiku, na maji hayatuami. Ndizi inakuwa ndogo lakini harufu inajaa. Uliyatoa yote?"

"Ya juu kabisa sikuyafikia. Mgongo ulikataa."

"Ndizi za huko?"

"Mama alizikamua kando, zile za wageni wa ubatizo. Chungu kiko jikoni."

"Kinanguruma vizuri," akasema Athanasi.

Wote wakamgeukia.

"Jana nilipita tu," akasema.

Chungu kilikutwa nusu. Beata akaonja, akafumba macho, akapiga ulimi. "Huu ndio. Mama, mvinyo wako wa mlimani nauchukua, na wabebaji nitawatafuta mimi. Lakini mawe yarudi."

Protase akageuka kuchukua sururu, uso umemshuka. Mama akamshika mkono. "Haya ya hapa mlangoni yaache, mwanangu. Tangu uyaweke sijaanguka nikienda jikoni. Na ile miche kaipande mpakani kule chini, tupate kuni." Kisha akamgeukia shemeji yake. "Yale yaliyorundikwa nyuma ya nyumba atayabeba aliyekunywa chungu."

Jua lilipokuwa kali Athanasi alifika shambani juu na jiwe lake la tatu, akalitua mguuni pa mgomba, akaketi juu yake akihema. Kokuhirwa akampa maji. Tangu azikwe kaka yake, mume wa Kokuhirwa, mzee huyu hakuwahi kupanda huku.

"Kumbe kwangu panaonekana," akasema, akitazama bondeni. "Panaonekana padogo."

"Kaka yako alikuwa akikaa hapo hapo, anakuhesabia migomba."

Athanasi akacheka, kisha akanywa maji yote.

"Shemeji," Kokuhirwa akasema, "njoo tena Jumapili. Njoo hata mikono mitupu. Huku juu niko peke yangu, na migomba haijui kubishana."