Nodi ya Kanamkemer

Nina hasira za karibu, na mtaa wote wa Kanamkemer unajua. Kwa hiyo msichana aitwaye Nyibol aliponibishia hodi kwenye duka langu la kompyuta, akitokea kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na cheti kilichokunjwa mara nne mkononi, nilimwuliza kabla hata ya kumpa maji, "Umetumwa na nani?"

Hakutumwa na mtu. Chuo cha uuguzi hapa Lodwar kilikuwa kimempa nafasi, ila kilitaka cheti chake cha uhudumu wa afya kithibitishwe kabla ya Ijumaa kuisha. Shirika lililomfundisha lilikuwa limefunga ofisi na kuzima tovuti. Madam Jerusha, msajili wa chuo, alimwambia wazi kwamba karatasi hata mtaani zinachapishwa.

"Cheti yangu iko kwa blokcheni," Nyibol alisema. "Walituambia haiwezi potea. Sasa imepotea."

Haikuwa imepotea. Shirika lile lilikuwa na rolapu yake ndogo, yaani daftari lake la kidijitali: kumbukumbu zilifungwa mafungu mafungu na kuandikwa kwenye mnyororo mkuu wa blokcheni, ambao nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi na hauna mwenyewe mmoja. Wakubwa wamekwenda zao, mafungu yamebaki. Kilichohitajika ni nodi kamili, yaani kompyuta inayovuta kila fungu tangu la kwanza na kulihakiki yenyewe, bila kumwamini mtu. Tabia hiyo naipenda, maana ndiyo yangu.

Jumatatu nikaweka programu kwenye kompyuta yangu ya dukani, nikaiwasha karibu na dirisha. Asilimia nne. Jumatano mchana, sabini na moja. Nyibol hakubanduka mbele ya skrini. Nikaenda sokoni.

Niliporudi, kompyuta ilikuwa imefunikwa gunia bichi, vile tunavyofunika jerikeni la maji ya kunywa wakati wa jua kali. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Ilikuwa inasikia joto," alisema. "Nikaihurumia."

Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje. Niliyoyasema siyarudii, yananitia aibu. Nyibol akachukua begi lake, akaenda kukaa nje ya lango.

Nikaikagua mashine. Maji hayakuingia, gunia liliziba feni, nayo ikajizima kwa joto. Nikaiacha ipoe, nikaiwasha, ikaendelea palepale ilipoachia. Nikatoka, nikaketi chini kando ya Nyibol, nikamwomba msamaha, jambo nisilolizoea kabisa. Kisha nikalilowesha tena gunia lilelile na kulitundika dirishani, upepo upite humo kabla ya kuifikia mashine. Feni ikatulia. Wazo lake lilikuwa zuri, mahali tu ndipo alipokosea.

Ijumaa saa nne asubuhi, asilimia ikiwa imeshafika mia, Madam Jerusha alikuja mwenyewe kujionea. Nyibol akaandika namba ya cheti. Likatokea jina, tarehe, alama. Madam akalinganisha na karatasi herufi kwa herufi, akavua miwani.

"Jumatatu saa mbili uwe darasani," alisema. "Na usichelewe."

Alipotoka tulikumbatiana tukalia, mimi na hasira zangu zote. Halafu nikanyoosha mkono kuizima mashine, ipumzike.

"Usizime, dada." Nyibol alinishika mkono. "Dhieu yuko ndani hapo. Lual pia. Tulifundishwa pamoja watu thelathini na tisa, na wote wanadhani cheti zao zimepotea."

Akalitoa gunia dirishani, limeshakauka, akaenda nalo bombani.