Shuka Juu ya Namba

Maji yaligusa vidole vya miguu yangu kabla sijayaona. Nilikuwa nimeingia na nguo kifuani, zile nilizozianua mbio mvua ilipoanza, macho yamezibwa na mashuka, nikakanyaga mkeka nao ukanijibu kwa sauti ya kitu kilicholowa hadi ndani. Nguo nikazitupa kitandani. Mezani, ile bilauri niliyoachiwa niilinde ilikuwa inafurika kimyakimya, tone likimsukuma mwenziwe nje. Mfuko wa maji uliokuwa unaning'inia kwenye msumari ulikuwa umesinyaa kama titi la mbuzi mzee. Na mashine yenyewe imetulia, kioo chake kinasoma mia moja, kama mtoto aliyevunja kikombe na sasa amekaa pembeni anaimba.

Ilikuwa pampu ya dripu, ukubwa wa tofali. Hospitali huitundikia mfuko wa dawa, nayo inasukuma tone kwa tone kwenye mshipa wa mgonjwa, kwa kasi aliyoiagiza nesi. Mjukuu wangu ndiye aliyeandika kiendeshi chake, yaani yale maelekezo yanayokaa katikati ya akili ya mashine na mota yake, yakipeleka habari huku na kule. Karakana nzima walikuwa wanasubiri pampu hizo ziende wodi ya watoto. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekataa. Huko kazini walishampa jina: Subiri. Subiri hajala, Subiri hajasaini, mwulizeni Subiri kama jua limepewa ruhusa ya kutua.

Mimi shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini jambo lililomsumbua nililielewa, kwa sababu alinieleza kwa maneno yangu mwenyewe. Alisema, "Bibi, ni ule ubao wako."

Ujana wangu niliumalizia kituo cha mafuta, na moja ya kazi zangu ilikuwa kubadilisha bei kwenye ubao mkubwa wa barabarani. Kila tarakimu ilikuwa na kibati chake. Unapanda ngazi, unachomoa, unachomeka. Siku ya kwanza bei ilipotoka 199 kwenda 200, nilianza na kibati cha mbele. Nikiwa bado natafuta sifuri kwenye mfuko wa aproni, ubao ukawa unasoma 299, na dereva wa lori aliyekuwa anakata kona kuingia akanyoosha usukani na kuondoka, ananitajia mama yangu. Mara ya pili nikajifanya mjanja, nikaanza nyuma. Ubao ukasoma 100. Kabla sijafikia kibati cha mbele foleni ilishajipanga, na kila mmoja anaitaka mia yake aliyoiona kwa macho. Sasa utamwambia nani mwongo? Vibati vyote vilikuwa halali. Waliosoma, walisoma sawasawa. Tangu siku ile nikawa naufunika ubao kwa shuka kuukuu, nabadilisha nikiwa chini yake, nikimaliza ndipo nafunua. Mwenye kusoma asubiri.

Ndani ya pampu, namba ya kasi nayo ilikuwa imekaa vipande viwili. Nesi akibonyeza kitufe, kiendeshi kinaandika kipande cha kwanza, kisha cha pili. Lakini mota ina tabia ya kupiga hodi wakati wowote, ikiuliza isukume kwa kasi gani, na hodi yake haingoji karibu. Ikiingia pale katikati, inaokota nusu ya namba mpya na nusu ya namba ya zamani, inaondoka nayo. Tisini na tisa ikipanda kuwa mia, mota inaweza kwenda zake na mia na tisini na tisa. Kioo hakijui. Nesi hajui. Mtoto kitandani ndiye atakayejua.

Kosa lenyewe lilikuwa limeonekana karakana mara moja tu. Mwenye karakana, ambaye naye ni fundi, akaongeza mstari wa kuchungulia ili mashine iandike kila inachokifanya, wamkamate mwizi akiwa kazini. Mwizi hakurudi tena. Wiki zikapita, mashine inakwenda kama saa. Basi, akasema yule bwana, ugonjwa umepona, mstari tuuache humohumo, tupeleke mzigo. Mjukuu wangu akamwambia haujapona, umejificha. Ule mstari unaichelewesha mashine kwa kiasi cha unywele, ndiyo maana mikono miwili, wa kuandika na wa kusoma, haikutani. Siku mwendo ukibadilika, itakutana. Akajibiwa kwamba karakana haiendeshwi kwa siku ambazo hazijafika. Akaambiwa pia, kwa upole, kwamba wapo wengine wanaojua kuandika viendeshi.

Ndipo akaileta pampu nyumbani Jumamosi ile. Akautoa ule mstari, akafunga kidole cha plastiki kinachobonyeza kitufe chenyewe, tisini na tisa, mia, tisini na tisa, mia, bila kuchoka. Akaning'iniza mfuko, akaweka bilauri, akanipa kiti. Kwa kasi ile bilauri isingejaa kabla ya jioni. Kazi yangu ilikuwa kutazama wakati yeye amekwenda kumpokea bosi wake njiani, kwa sababu bosi alikuwa anakuja kuichukua pampu na kuchukua neno lake la mwisho.

Nilitazama vizuri. Kutazama tone sikuanzia pale. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifia wodini. Hakuuawa na mashine wala na mtu. Damu yake ilichoka tu. Lakini mtoto na mimi tulikaa kando ya kitanda kile tukitazama dripu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, na nikimwambia twende ukale, alikuwa ananiuliza nani atabaki na tone. Nadhani alibaki nalo yeye.

Halafu mvua ikaja, na nguo zilikuwa kambani kwa jirani, nayo ikanizuia huko zaidi ya saa nzima.

Waliingia wakiwa wamelowa, mjukuu wangu mbele. Akaona mkeka, akaona mfuko, akaweka mkono ukutani. Bosi wake alinisalimia kwanza. Alikuwa mtu wa adabu, na sitaki msomaji amchukie. Alikuwa na mafundi waliokuwa wanalisha watoto kwa karakana ile. Nikaitikia marahaba. Akaizunguka meza, akachungulia kioo kinachosoma mia moja, akasema bilauri inaweza kupigwa na kiwiko. Inaweza kupigwa na paka. Mjukuu wangu akasema nyumba hii haina paka. Bosi akasema paka hawaombi ruhusa.

Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, wewe ndiye uliyekuwa hapa. Uliiona ikienda mbio?"

Mjukuu wangu alinitazama. Sijapata kutazamwa vile tena. Neno moja tu kutoka kinywani mwangu na hoja yake imethibitika, na watoto wa watu wamelala salama, na nani angejua? Mzee hapelelezwi. Nililiona lile neno limekaa karibu kabisa, ulimini.

"Sikuiona, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nje naanua nguo. Niliporudi nilikuta hivi unavyokuta wewe."

Mjukuu wangu akainamisha kichwa. Hakuninung'unikia, wala siku zote zilizofuata hakuniuliza kwa nini.

Yule bwana akashusha pumzi, ile ya mtu aliyepata alichokitaka. Akanyoosha mkono kuuondoa mfuko msumarini ili aondoke na vifaa vyake. Mkono ukasimama. Akaubinya mfuko. Akaubinya tena, na pande zake mbili zikagusana. Akaufuata mpira kwa vidole, taratibu, kutoka mfukoni hadi kwenye koo la pampu, mahali ambapo hata tone moja halipiti mpaka mota yenyewe ikubali. Akabaki amepashika pale.

"Paka angemwaga bilauri," akasema kwa sauti ya chini. "Mfuko asingeuweza."

Akakaa. Sikuwa nimemkaribisha, na kiti kilikuwa kimelowa, lakini akakaa. Akasema amewaambia wodi Jumatatu. Alirudia hivyo, Jumatatu, kama anayejaribu kukumbuka ni siku gani hiyo. Halafu akatoa simu na kutoka barazani, nasi tukasikia anawaambia watu wa hospitali kwamba mzigo hauko tayari, na kwamba sababu ni yeye mwenyewe.

Nusu ya oda ile ilikwenda kwa wengine. Gari la yule bwana likauzwa. Nilikuwa namwona akipita kwa miguu, begi begani, na kila akiniona anasimama kunipa shikamoo. Mjukuu wangu alibaki na kiendeshi chake, akakisoma upya mstari kwa mstari, na kwenye kila mstari anajiuliza kwa sauti nikiwa najipikia: nani mwingine anaweza kushika hapa? Akakuta mahali pengine pawili, pamelala kimya kama nyoka kwenye kuni. Kila mahali akatia kufuli lake, kama shuka langu: mwenye kusoma asubiri. Siku moja pampu ikaganda kabisa, naye akarudi na uso mrefu. Nikamweleza siku nilipokuwa chini ya shuka nikingoja tajiri wa kituo anitajie bei mpya, naye yuko chini anangoja nifunue aone imefika ngapi, tukangojana mpaka tanki la mafuta likaja kutuamulia. Alicheka hadi akakohoa. Ndilo hasa lililotokea, akasema: kufuli limeshikwa, mota ikapiga hodi ndani ya nyumba hiyohiyo, ikangoja kufuli lifunguliwe, na mwenye ufunguo ameacha kazi ili aisikilize mota yenyewe. Dawa yake ni kuzizuia hodi kwa kitambo kile kifupi cha kubadilisha namba, kisha kuziruhusu.

Miaka imekwenda. Sasa ni zamu yangu kulala chali. Dirisha liko kushoto, kabati la dawa kulia, na juu ya kichwa changu kuna mfuko, na chini ya mfuko kuna lile tofali la pampu. Nimeijua kwa mlio wake. Nesi wa asubuhi ni msichana mwenye haraka, anaongea na mgonjwa wa kitanda cha pili huku anabonyeza bila hata kutazama. Nilisoma kioo: tisini na saba, tisini na nane, tisini na tisa.

Nikashika pumzi.

Mia.

Tone likaanguka. Nikangoja. Likaanguka jingine, kwa mwendo uleule wa mtu asiyekimbizwa na yeyote.

"Kuna nini, bibi?" nesi akaniuliza, amegeuka sasa. "Panauma?"

Nikamwambia hakuna kitu. Akanivutia shuka mabegani, akaenda kitanda kingine.