Mkwe Ndiye Hupisha Njia

Pale kiwandani Kisumu, ukingoni mwa ziwa, kila mtu alijua kwamba Absalom akitaka kwenda bombani kunywa maji, alizunguka nyuma ya jengo zima, akapita kwenye nyasi ndefu na matope, hata siku ya mvua. Hakuwa na wazimu. Njia fupi ilipita mbele ya meza za kukatia samaki, na kwenye meza ya kwanza alisimama Perez Awuor, mama mkwe wake.

Kwa Wajaluo, mwanamume na maro wake, yaani mama mzaa mkewe, hawakutani ovyo. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima iliyojengewa ua. Wabukusu waliofanya kazi pale nao wana mambo hayo hayo, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumcheka Absalom. Yeye alikuwa wa chumba cha barafu, Perez alikuwa wa meza, mlango mzito wa chuma ulikuwa katikati yao, na miaka ikaenda. Perez, ambaye wote walimwita Mama Lornah kwa jina la binti yake, mke wa Absalom, alikuwa ameiona zamani ile njia ya matopeni. Siku moja alimwomba mlinzi amwage changarawe pale, na hakusema kwa nini.

Basi mwaka uliofuata uchaguzi wa vyama vingi, Mzee Masinde, msimamizi wa kazi, alisimama wakati wa chai akiwa ameshika kikombe chake cha bati.

"Watu wangu," alisema, "narudi Kimilili. Miguu imechoka na haya maji baridi. Mwisho wa mwezi mtaniaga. Na kwa ile nafasi yangu, Meneja akiniuliza, nitamwambia ampe Mama Lornah. Nikiugua, nani hushika kazi? Si yeye?"

Wanawake waliokuwa wamekalia ndoo walipiga vigelegele. Wanaume waliokuwa kwenye mabenchi walitazama vikombe vyao.

Aliyevunja kimya ni Opiyo. Opiyo alikuwa kijana mwenye kisu chepesi kuliko wote, na mdomo mwepesi kuliko kisu. Hakuwa mtu mbaya. Siku Nasipwondi, mmoja wa wanawake wa mezani, alipojikata kiganja, Opiyo ndiye aliyembeba mgongoni mbio mpaka hospitali, bila kungoja gari. Lakini ile nafasi ya Masinde alikuwa akiiota, na ndoto ikiguswa mwenyewe hushtuka.

"Mzee, umeanza kuaga, sasa umeingiza na mizaha," alisema. "Supavaiza mwanamke? Kwa hivyo mtu akitaka kwenda choo aombe ruhusa kwa mama?"

"Kwani nyumbani kwenu ulikuwa ukimwomba nani?" Perez alimuuliza.

Kicheko kikapanda hadi kwenye mabati. Hata Masinde alimwaga chai. Opiyo alicheka pia, kwa sababu angefanya nini, lakini masikio yalimwaka. Alitafuta la kusema, akalipata.

"Haya. Tuache mchezo," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu wa kanisani. "Na Absalom je? Supavaiza huingia chumba ya barafu kila saa. Hukaa meza moja na watu wa barafu wakati wa chai. Huyu mtu ataagizwa na maro wake uso kwa uso? Atakula mbele yake? Mnataka chira iingie kwa nyumba ya watu?"

Chira ni jambo ambalo watu wa ziwani hawalifanyii mzaha; ni balaa linaloshika nyumba iliyovunja mwiko, mtoto akakonda, mtu akanyauka kama mti. Vichwa vikaanza kutikiswa.

"Kwa hivyo mtuelewe," Opiyo aliendelea, sasa akiwa amepata upepo. "Sisi hatumkatai Mama Lornah kwa sababu ni mwanamke. Hapana. Tunamheshimu. Tunamheshimu mno, ndiyo sababu hatuwezi kumpa hiyo kiti."

Meneja, Bwana Wabwire, alikuwa amefika mlangoni akasikia. Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na mpenda amani mara nyingi humpa kiti anayepiga kelele zaidi. Alisema atawasikiliza wote Ijumaa uwanjani, kisha ataamua.

Waliporudi kwenye meza, Nasipwondi alipiga kisu chake kwenye ubao. "Dada, umesikia hao? Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Heshima! Jana hiyo heshima ilikuwa wapi walipotuambia tuache samaki tukawapikie chai?"

"Nimesikia," Perez alisema. Alishika mbuta mkubwa kichwani, akapitisha kisu nyuma ya mapezi, akamgeuza. Hakuwa na hasira na Opiyo. Kilichomchoma ni kwamba mwiko huo alikuwa akiuamini mwenyewe, na wao walijua.

Siku tatu baadaye, alasiri, Perez alipokuwa amekaa mlangoni pake Manyatta akichambua maharagwe, Lornah alikuja kutoka Kaloleni, mtoto mgongoni. Alisalimia, akakaa, akamwonyesha bibi jino jipya la mtoto, kisha akaanza kukunja na kukunjua pembe ya leso.

"Sema tu, nyathina, mwanangu," Perez alimwambia. "Hukutembea jua hili lote kuniletea jino."

"Mama, Baba Aoko ananiacha hapa anaenda Ahero. Kuna kinu cha mchele, rafiki yake amemwambia wanatafuta watu." Lornah alishusha sauti kana kwamba mumewe alikuwa nyuma ya ua. "Amesema usiambiwe. Wanaume wamemzonga kila siku wakitaka akakwambie ujitoe. Amekataa. Amesema kiti ni chako, na yeye hawezi kuwa kufuli ya kumfungia mama yake nje. Akiondoka, hawatakuwa na la kusema."

Perez aliacha mkono ndani ya ungo. Kijana yule, ambaye hajawahi kumtazama usoni hata siku moja, alikuwa tayari kuacha kazi aliyoizoea na kwenda kulala peke yake kwenye tambarare za Kano, mahali ambapo mvua ikikaza mto huingia vitandani. Na Lornah abaki Kaloleni na watoto wawili. Basi njia ni mbili, Perez alijiambia: niache kiti, au nivunje nyumba ya binti yangu. Zote mbili alizitazama, na zote mbili zilimkataa.

"Ni mtu mwema," alisema.

"Ni mtu mkaidi," Lornah alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata juzi uliona mwenyewe, pale karibu na kanisa."

Kweli, Perez aliona. Alikuwa akitoka sokoni kwa miguu, na Absalom akaja mbele yake na baiskeli. Alipomtambua mama mkwe, aliinua baiskeli begani, akaingia kwenye shamba la viazi la watu, akasimama huko akitazama upande mwingine kama mlingoti. Mwenye shamba akamfokea. Absalom hakutikisika mpaka Perez alipopita. Na Perez alipita tu, katikati ya njia, na kikapu chake kichwani.

Hapo wazo lilimsimama Perez kichwani, likakataa kuondoka. Alisukuma ungo kando.

"Mwambie mume wako asifunge hata shati moja," alisema. "Ijumaa aje uwanjani. Asimame mbali kadiri anavyotaka, lakini aje."

Ijumaa walikusanyika uwanjani, kati ya matangi ya maji na gati. Upepo wa ziwa ulikuwa mwanana, na korongo walikuwa wamejipanga juu ya paa wakingoja matumbo ya samaki. Absalom alisimama mwisho kabisa, kando ya tangi, mgongo kwa watu.

Opiyo alizungumza wa kwanza, na alizungumza vizuri. Alitaja mababu, akataja ndoa, akataja watoto wasio na hatia. Alipomaliza, Bwana Wabwire alishusha pumzi ndefu.

"Kweli, mila ni mila," alisema. "Hata kwetu Samia, mambo ya mkwe si mchezo. Mama Lornah, kazi yako tunaijua. Labda tukutafutie cheo kingine. Mkuu wa usafi, kwa mfano. Unaonaje?"

Perez alisimama, akafuta mikono kwenye aproni ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Asante, Bwana Meneja. Kabla sijajibu, namuuliza Opiyo. Opiyo, wewe umeoa?"

"Nimeoa, Mama. Si ulikula harusi?"

"Nilikula, na nyama ilikuwa nzuri. Sasa niambie, ukikutana na maro wako njiani, nani hutoka njiani?"

Opiyo aliona shimo, lakini watu wote walikuwa wakimtazama. "Mimi," alisema.

"Yeye harudi kwake?"

"Hapana."

"Hajifichi kwenye viazi?"

"Mama, haiwezekani. Ni maro. Ni mimi natoka."

"Basi." Perez aliwageukia wote, na sauti yake haikupanda. "Lornah alipoolewa, sikuacha shamba langu. Sikuacha soko. Sikuacha kiti changu kanisani. Mila haijawahi kumwambia mama mkwe akae chini kwa sababu ametoa binti. Mila inamwambia mkwe ampishe. Leo mmeichukua hiyo hiyo mila, mkaigeuza miguu juu kichwa chini, mkasema mimi ndiye niingie kwenye viazi. Kama ni heshima, niheshimuni kama wazee walivyosema. Kama si heshima, semeni ni nini, nasi tutawasikiliza."

"Eeee!" wanawake walisema kwa pamoja.

"Na mwiko nitaushika," aliendelea. "Chai ya watu wa barafu itakuwa yao, mimi nitakunywa na watu wa meza. Ule mlango nitabisha kwanza, nami nitaagiza nikiwa upande wangu. Hakuna mtu atakayekula mbele ya mtu."

Vijana wawili nyuma walianza kunong'ona na kucheka. Ndipo sauti ikatoka kando ya tangi. Absalom hakugeuka. Alizungumza akiutazama ukuta, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe.

"Mimi ndiye mnayenisemea tangu juma lianze," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Maro wangu sili mbele yake. Usoni simtazami. Lakini masikio yangu hayana mwiko. Mama, ukiagiza, nitasikia."

Vijana wale waligeuka kumtazama. Perez naye alitazama chini, kama ipasavyo. Ilikuwa mara ya kwanza kijana yule kumsemesha mbele ya watu, naye alijua lilimgharimu nini.

Mzee Masinde alikohoa. "Mimi nimesimamia watu wasionitazama usoni miaka yote hii," alisema, "na hao hawakuwa wakwe zangu. Walikuwa wavivu tu."

Uwanja mzima ukacheka, na Bwana Wabwire akacheka kwa sauti kuliko wote, kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Aliona sasa kelele iko upande gani.

"Vema, vema. Tumeelewana. Basi Mama Lornah atakuwa kaimu msimamizi, tuone itakavyokwenda."

Wanawake walianza vigelegele, lakini Perez aliinua mkono.

"Bwana Meneja, samahani. Mzee Masinde alipopewa kazi, alianza kama kaimu?"

Bwana Wabwire alimtazama Masinde. Masinde alitikisa kichwa. "Hapana, Bwana. Nilipewa koti la msimamizi siku hiyo hiyo."

"Basi na mimi nipewe koti," Perez alisema. "Kuona itakavyokwenda, mmeona kila mara Mzee alipougua."

Meneja aliwatazama wanawake waliokuwa wakingoja. Kisha akasema, "Msimamizi. Kuanzia mwisho wa mwezi." Akalirudia kwa sauti, ili asije akalibadilisha njiani kurudi ofisini.

Nasipwondi alimkumbatia Perez hadi kofia ikamwanguka. Opiyo alibaki amesimama, mikono mfukoni. "Sawa," alisema mwishowe. "Absalom atasikia nyuma ya mlango. Na sisi ambao si wakwe?"

"Wewe, Opiyo, huna udhuru wowote," Perez alimjibu. "Wewe utanitazama usoni kila siku."

Walicheka tena, na safari hii Opiyo hakuweza kujiunga. Perez aliliona hilo. Watu walipoanza kutawanyika alimpitia karibu, akamwambia yeye peke yake, "Kisu chako ndicho cha kwanza humu ndani. Hata leo kabla sijasimama nilikuwa najua hivyo. Kamwe sitalificha hilo kwa Meneja." Opiyo aliokota kofia ya Perez pale chini, akaikung'uta mchanga, akampa.

Mwezi mpya ulianza na lori kutoka Usenge, limejaa mbuta hadi juu, barafu ikichuruzika. Perez alivaa koti aliloachiwa na Masinde. Lilimfika magotini, kwa kuwa Masinde alikuwa mrefu, na alikuwa amelikunja mikono mara mbili. Alikwenda hadi kwenye mlango wa chuma, akabisha, akasubiri mpaka aliposikia viatu vizito vikisogea upande wa ndani.

"Baba Aoko," aliita. "Lori limefika. Nafasi ipo?"

"Ipo, Mama. Upande wa kushoto wote."

"Fungua basi. Waanze kuingiza."

Mlango ulisukumwa kutoka ndani, baridi ikatoka kama moshi, na mkono tu ulionekana, umeushikilia mlango mpaka nyuma ili wabebaji wapite. Perez alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye meza. Wote walikuwa wamesimama na visu vyao, wanawake na wanaume, wakimtazama. Opiyo alisogea hatua moja mbele. Alikohoa. Kisha aliinua macho, akamtazama Perez usoni.

"Supavaiza, tuanze na wapi?"

"Wale wakubwa," Perez alisema, "kabla jua halijapanda."

Wakaanza.