Neno Moja la Sajini

Sajini alianguka bafuni asubuhi, povu la sabuni ya kunyolea likiwa bado shavuni. Jirani wa mlango wa pili alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari lake na kumkimbiza hospitali akiwa na ndala za kuogea. Madaktari walisema ni kiharusi, na kwamba huko kuwahishwa ndiko kulikomwokoa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande, na maneno yote yamempotea.

Mkewe alikaa kando ya kitanda akimwongelesha kama kawaida: bomba la jikoni limeziba tena, mjukuu ameota jino. Siku moja alipokuwa akimfuta uso kwa kitambaa, mzee alimkazia macho, akasema wazi kabisa:

"Tepe."

"Umesema nini, baba?"

"Tepe."

Mama wa watu alitoka mbio koridoni, anacheka huku analia, akimwita binti yao. "Baba yako anaongea! Njoo umsikie mwenyewe!"

Tepe halikuwa neno geni kwao. Sajini alifanya kazi zimamoto tangu ujana hadi kustaafu, na tepe ni zile alama zenye umbo la V zinazoshonwa kwenye mkono wa sare: mbili ukiwa koplo, tatu ukiwa sajini. Kila alipopanda cheo, mkewe ndiye aliyemshonea. Safari ya kwanza alizishona kichwa chini, mume akasimama nazo gwaride zima wenzake wakibana vicheko. Alirudi nyumbani hajui acheke au anune. Tangu siku hiyo neno likahamia sebuleni. Mtoto akifaulu mtihani, amepata tepe. Akivunja sahani, anavuliwa tepe. Hata mboga zikiungua, Sajini alitangaza mezani kwamba leo mpishi ameshushwa cheo, na mpishi akamwambia basi kesho apike mwenyewe.

Furaha ya hospitalini haikudumu. Mzee akitaka maji, alisema tepe. Akitaka dirisha lifungwe, tepe. Binti yao, ambaye ni fundi cherehani, alidhani baba ameikumbuka sare yake. Akaenda nyumbani, akalitoa lile shati la zamani kabatini, akalipiga pasi, akalileta. Sajini alilitazama, kisha akalisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka likaanguka chini.

"Tepe! Tepe!" Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Binti aliokota shati, akatoka nje kulia asionekane.

Aliyewasaidia ni mwalimu wa kuongea, mwanamke mwenye sauti ya upole ambaye kazi yake hapo hospitalini ilikuwa kuwafundisha wagonjwa kusema upya. Aliwaketisha mama na binti kwenye benchi.

"Hataki shati," aliwaambia. "Kichwani mwake anasema maji, anasema nipunguzieni blanketi. Akifungua mdomo linatoka hilo moja tu, na anajisikia kabisa kwamba amekosea. Ndiyo maana analia. Msilishike neno. Sikilizeni sauti yake, mtazameni macho."

Basi Sajini aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mke akaanza kusoma darasa lake. Tepe ya kupanda mwishoni ilikuwa swali. Tepe fupi, ya kukatwa, ilikuwa imetosha. Ile ya kuvutwa polepole ilimaanisha mgongo unauma, nigeuze. Akawa anamjibu bila kusita, wanabishana kama zamani, na wapita njia wangeapa kwamba nyumba ile ina watu wawili wanaoongea.

Siku moja shemeji, kaka wa mkewe, alikuja kumjulia hali, akakaa, akaeleza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja. Sajini akafumba macho. "Tepe," akasema.

"Anasemaje?" shemeji akauliza.

"Anakushukuru kwa kuja," dada yake akajibu. "Anasema msalimie sana mkeo huko unakokwenda."

Shemeji alielewa, akainuka kutafuta kofia yake. Alipofika getini, Sajini alicheka mpaka mabega yakatikisika. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue, na mkewe alijifuta macho kwa upande wa kanga akisema, "Mungu wangu, ahsante."

Jioni hiyo, mke alipomaliza kumvua viatu, mume alimgusa begani, akachora kwa kidole alama ya V juu ya mkono wa blauzi yake. Kisha nyingine chini yake. Kisha ya tatu. "Tepe," akanong'ona. Mke alibaki amepiga magoti pale pale, kiatu mkononi. Hapo hapakuhitaji mkalimani.

Kesho yake, walipompeleka hospitalini kwa mazoezi, mke alimsimulia mwalimu wa kuongea, na mwalimu akapiga makofi. "Kumbe anazihesabu! Tupitie mlango huo huo." Akachora alama kwa chaki ubaoni, akazigusa moja moja huku akiimba, "Tepe moja, tepe…" Akanyamaza, akangoja. Midomo ya Sajini ilihangaika.

"Mbi… mbili."

"Tepe…"

"Tatu!"

Hesabu ikafungua njia. Baada yake zilikuja siku za wiki, halafu jina la mjukuu, ingawa mjukuu alilazimika kuvumilia kuitwa Jumatano kwa muda. Maneno hayakurudi yote. Hata sasa Sajini akichoka hurudia lile moja, na daktari amewaambia huenda litabaki hivyo. Mkewe hajalalamika. Kila akipita mlango wa pili humwambia jirani ahsante, mpaka jirani amemwomba aache.

Majira ya baridi mama mwenyewe alishikwa na mafua, akashinda kitandani. Alisikia vyombo vikigongana jikoni, kisha hatua zikija taratibu ukumbini, moja moja. Mumewe aliingia na kikombe cha chai mkono wa kushoto, fimbo yake ya kutembelea imebanwa kwapani, nusu ya chai imemwagika njiani.

"Kunywa," akamwambia. Akafikiri kidogo, uso umekunjamana kwa kazi. "Kunywa, mke wangu."

Chai haikuwa na sukari hata chembe. Aliinywa yote, akamrudishia kikombe, akamwomba nyingine.