Akasema kwa Upole

Mvua ilikuwa bado inapiga mabati tulipomwona mzee kasimama mlangoni, mwavuli wake umepinduka, karatasi kazificha ndani ya shati. Hakuna aliyekuwa akimtarajia.

"Hapa ndipo mnapochapa hadithi?" aliuliza.

"Hapa ndipo tunapozichinja," alijibu Kaka Shiben, mhariri wetu, na chumba kikacheka. "Karibu, mzee. Keti usome."

Ndiyo desturi ya jarida letu. Jumamosi alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitabu, mwandishi mgeni husoma kazi yake kwa sauti huku sisi tunakunywa chai na kutafuna bisi za mchele. Likipita neno la kupamba bure, tunagonga meza kwa vikombe. Nami niligongewa, nilipotoka chuoni na kuanza kazi hapa.

Jina lake lilikuwa Anadi. Hadithi yake ilihusu mke na mume katika nyumba ya wafanyakazi wa reli. Mwezi ulilia, moyo ulipasuka, na kila mke alipofungua kinywa, alisema kwa upole.

"Umekula?" akasema kwa upole. Vikombe vikagonga.

"Funga mlango, mvua inaingia," akasema kwa upole. Vikagonga tena.

"Huyo mama hajui hata kupiga chafya bila upole?" aliuliza Bibhas, mshairi wetu. Watu wakashika mbavu. Mzee akazikunja karatasi.

Nilimkimbilia kwenye ngazi. "Niachie, mzee. Nitaisafisha iingie toleo la sikukuu ya Puja. Na sitaondoa neno usilokubali liondoke. Naahidi."

Toleo la Puja ndilo linalosomwa na kila mtu. Hata hadithi yangu ya kwanza ilikuwa humo, tayari imepangiwa kurasa.

Alirudi wiki iliyofuata. Mwezi haukulia tena, na upole wote nilikuwa nimeufuta. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Mwezi sina neno nao," alisema. "Lakini huyu umemfanya nini, binti? Sasa anasema tu. Mtu atadhani alikuwa ananifokea."

"Msomaji atahisi mwenyewe, mzee."

"Atahisije? Hakumsikia." Akaweka kidole juu ya jina la mke. "Nilichobuni ni jina tu. Ni mke wangu. Aliondoka duniani majira ya baridi."

Nikamwambia upole unaweza kuonekana katika maneno yenyewe.

"Basi nioneshe."

Nikachukua kalamu. "Umekula?" Nikaongeza "mume wangu", nikakata. Nikamfanya amguse bega. "Hakuwa na tabia hiyo," alisema mzee. Nikajaribu tena na tena, na kila mara ilitoka sauti ya mama yangu akinisimanga kwa kuchelewa kula. Yeye akanisubiri kwa heshima, kama mtu anayemsubiri fundi. Mwishowe nikaiweka kalamu chini.

"Yarudishe, binti. Yote."

Kaka Shiben aliisoma kasimama. "Watatucheka mji mzima."

"Najua, kaka."

"Watamcheka yeye."

"Nimemwambia. Anasema yeye amezoea, ila mkewe asisikike akifoka."

Akavua miwani. "Nafasi imejaa. Ukiitaka humu, toa ya kwako. Na mwakani sijui kama tutakuwa na pesa ya karatasi."

"Itoe yangu."

"Mama yako ameshawaambia majirani wote!"

"Nilimwahidi mzee, kaka."

Matbaani kulikuwa na joto, mashine zikinguruma. Mpangaji kurasa alivuta kioo cha kukuzia maandishi karibu na macho, akaanza kutikisa kichwa.

"Dada, hapa mmerudia. 'Akasema kwa upole.' Nifute?"

Niliwaza Jumamosi itakayokuja, na vikombe ambavyo sikuwa na namna ya kuvizuia.

"Iache."

"Na hii ya mlango?"

"Iache nayo."

"Na hii?"

"Zote, kaka. Ziache zote."