Kicheko cha Ukutani

Saa moja kasorobo jioni Bi Uzi alivua aproni yenye madoa ya gundi, akasugua vidole kwa sabuni ya unga, akabandika chai. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika karakana ya maktaba kuu, mwaka wa ishirini na tisa sasa, na jina hilo alipewa huko kwa sababu nguo zake hazikukosa kipande cha uzi. Mumewe alikuwa ameshakaa mbele ya televisheni. Yeye alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kabla ya kustaafu. Mtaani walimwita Mkaguzi, na nyumbani pia.

Saa moja kamili kilianza kile kipindi cha zamani. Kilirekodiwa kabla binti yao hajazaliwa na bado kilirudiwa kila jioni, na hakukuwa na nyumba mtaani ambayo haikukitazama. Kilikuwa na bwana mfupi mwenye kofia, bibi mrefu mwenye kibeti, sebule moja, mlango mmoja, na watu wasioonekana ambao walicheka. Bwana humwambia bibi kwamba sauti yake inapasua masufuria. Bibi humjibu, "Ndiyo maana nasemea kichwani kwako. Hata kikipasuka, hakuna kitakachomwagika." Watu huvunjika mbavu.

Nesi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na maelezo yake. "Wale wanagombana kama watu wanaotaka kuendelea kuzungumza," alisema. "Mimi na marehemu tulikuwa tunanuniana tu."

Bi Uzi hakuwa na maelezo. Alichokipenda ni kwamba yule bibi hakukosa jibu hata siku moja. Kuna mtu alikaa mahali, akafikiri, akamwandikia.

Jumanne moja umeme ulikatika katikati ya kipindi. Mkaguzi alionja chai yake gizagiza na kusema, "Miaka thelathini na moja, na huyu mwanamke hajajua kuchemsha maji."

Watu wakacheka. Kicheko kilitoka ukutani, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Kilikuwa cha watu kama mia mbili hivi. Alikuwemo mwanamume ambaye hukohoa kabla hajamaliza kucheka, na mwanamke ambaye huchelewa kuelewa, akacheka peke yake wenzake wakiwa wameshanyamaza.

"Ni wale," alisema Bi Uzi.

"Ni wale," alikubali Mkaguzi, akaomba sukari.

Umeme uliporudi, kicheko hakikurudi ndani ya televisheni. Kwenye kioo bwana na bibi waliendelea kurushiana maneno bila mtu wa kuwacheka, na walionekana kama watu wawili wasioweza kuvumiliana. Mkaguzi alikitazama kipindi kwa dakika chache, akakizima.

Maneno yale ya chai hayakuwa mapya. Alikuwa akiyasema, hayo na mabaya zaidi, tangu mwaka wa pili wa ndoa, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mwenye duka kwamba mizani yake imepinda. Zamani Bi Uzi aliyapokea, akanyanyuka, akaenda jikoni kupangua na kupanga vyombo mpaka moyo utulie. Sasa kabla hajanyanyuka watu mia mbili walikuwa wanacheka, na mtu hawezi kuondoka katikati ya kicheko bila kuonekana mwenye kisirani.

Mkaguzi alinawiri. Alinyoa kila asubuhi. Alitoa daftari lake la zamani la ukaguzi, akaanza kuandika humo maneno ya jioni, akiyafuta na kuyapunguza mpaka yakae sawa. Alijifunza kungoja kicheko kiishe ndipo aendelee. "Mke wangu hasengenyi watu," alisema. "Angeanza, watu wangelala." Wakacheka. "Nilimuoa kwa sababu ya macho. Yangu. Sikuwa bado na miwani." Wakacheka zaidi, na yule mwenye kikohozi karibu apaliwe.

Nesi alikuwa wa kwanza kuja na kiti chake. Wiki iliyofuata alikuja mwalimu wa ng'ambo ya barabara na mkewe, kisha fundi wa friji, kisha watu ambao Bi Uzi hakuwafahamu, waliovua viatu mlangoni kwa adabu. Binti yao alikuja na mumewe kila Jumamosi. Mumewe alikuwa kijana mpole, mpimaji wa ardhi, mtu wa kusema "samahani" hata akikanyagwa yeye.

"Mama, nyinyi mna raha," binti alisema. "Nilipokuwa mdogo nilidhani Baba anakutukana."

"Ulidhani hivyo?" aliuliza Bi Uzi.

"Utoto tu. Sikuwa najua utani."

Bi Uzi alipiga moyo konde. Kazini, wakati wa mapumziko, alichukua vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye mashine ya kukatia, akaanza kuandika majibu. Aliandika kama alivyoshona, mshono kwa mshono, na yaliyolegea aliyafumua. Baada ya siku tisa alikuwa na majibu matatu ambayo hata yule bibi wa kibeti asingeyaonea haya. Alhamisi Mkaguzi aliposema kwamba mkewe hupika kana kwamba ana kisa na chakula, Bi Uzi alijibu bila kutetereka, "Chakula sina kisa nacho. Nina kisa na anayekila."

Ukuta ukanyamaza. Mtu mmoja alikohoa.

"Na huyu naye anajaribu," alisema Mkaguzi.

Ukuta ukalipuka. Wageni nao wakalipuka, na fundi wa friji alipiga mapaja. Bi Uzi aliyatia majibu mawili yaliyobaki kwenye jiko, akachemshia maji.

Mwezi wa tatu wa mambo hayo, Mkaguzi alitania chumba kidogo cha nyuma. "Ningempangisha mtu," alisema, "lakini mke wangu anafungia upepo humo. Anaogopa utaibiwa."

Bi Uzi alisimama. Hakuwa amekusudia. "Kile kilikuwa chumba cha mtoto wetu wa pili," alisema. "Siku niliyompoteza ulipita hospitali ukielekea kazini. Hukuvua hata kofia. Uliniuliza kama nitawahi kurudi kupika."

Kisha kicheko kikaja, kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia, na kikageuka makofi. Nesi alikuwa akifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Uso wako, Bi Uzi!" alisema akihema. "Unavyoukausha uso! Hicho ndicho kinachonimaliza."

Nesi ndiye aliyekuwa zamu siku ile. Ndiye aliyemfunga mtoto kwenye kitambaa cheupe na kumuuliza mama kama anataka kumwona. Alilikumbuka jambo lenyewe vizuri, na kesho yake alileta vitumbua vya kumpongeza.

Ijumaa Bi Uzi aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Mkaguzi aliitwa pia, akaja kwa wakati, amevaa suti. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafaili mengi na uso wa kuchoka. Alimwomba Bi Uzi aeleze. Bi Uzi alieleza kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka, na baada ya kila sentensi watu mia mbili walicheka kutoka nyuma ya kabati la mafaili. Afisa alijikaza mwanzoni. Bi Uzi alipofikia habari ya mkono wake uliovunjika, na jinsi Mkaguzi alivyomwambia daktari kwamba mkewe amegombana na ngazi, afisa alilaza kichwa juu ya meza, mabega yakimtikisika.

"Nisameheni," alisema alipopata pumzi. "Tangu asubuhi nimesikiliza watu wanaochukiana." Akaandika kwenye faili: *Wanataniana. Wanapendana. Shauri limefungwa.* Akawasindikiza hadi mlangoni mwenyewe.

Ilikuwa katika majuma hayo yule bibi wa kipindi alipofika karakana. Alikuwa mzee sana sasa, bado mrefu, na alitembelea fimbo. Alileta rundo la karatasi za manjano, maandishi ya vipindi vyote, akitaka yajalidiwe kwa ngozi ili wajukuu wasiyatupe. Bi Uzi alimpa kiti, akaanza kuhesabu kurasa.

"Mama," alisema baadaye, "yule bwana wa kofia alikuwa mtu wa namna gani?"

"Muungwana. Alikuwa akiningoja nimalize kusema. Tukitoka pale ananiuliza kama nimekula." Mwigizaji alitazama dirishani. "Nyumbani nilikuwa na bwana mwingine. Huyo hakuningoja."

"Na wale watu waliokuwa wakicheka?"

"Wale hawakuwa wakitucheka sisi, mwanangu. Sisi tulikuwa tunacheza mbele ya viti vitupu. Waliitwa jioni moja tu wakarekodiwa. Mchekeshaji waliyeletewa hakuwafurahisha hata kidogo. Halafu mzee wa kubeba taa akateleza jukwaani, akaanguka kwenye shimo la wapiga muziki. Hakuweza kunyanyuka. Alikuwa anaita. Walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka mpaka wakasimama. Kicheko hicho ndicho kilichotumika miaka yote."

"Yule mzee alipona?"

"Hapana," alisema mwigizaji. "Hata waliocheka, wengi wameshakufa. Yupo mmoja alikuwa na kikohozi kibaya. Huyo hakumaliza mwaka."

Bi Uzi alimwambia kwamba watu hao sasa wanakaa kwake, kati ya kabati na dirisha. Mwigizaji aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa wapangaji wake wa zamani wamehamia wapi. Aliomba ngozi iwe ya rangi ya kahawia.

Jioni ile ile Bi Uzi aliwasimulia wageni habari ya mzee wa taa, tangu mwanzo hadi mwisho. Walicheka wote, ukuta na viti. Mkaguzi alimnong'oneza kwamba hadithi ni nzuri ila aifupishe.

Siku ya tatu alifunga begi, akaenda kwa dada yake, mjane aliyekuwa akiishi mji wa jirani na paka wawili. Dada hakumuuliza kitu. Alimtandikia kitanda, akamwachia redio. Kule ukuta ulikuwa ukuta. Bi Uzi alisema, "Mchuzi umezidi chumvi," na hakuna aliyecheka. Alisema, "Naumwa mgongo," na dada yake akaenda kutafuta dawa ya kuchua. Usiku wa kwanza alilala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo.

Wiki ya nne binti alikuja kumchukua. Alikuwa amekonda.

"Baba hali," alisema. "Kila jioni anasema maneno yake na ukuta haujibu. Nesi alijaribu kukaa kwenye kiti chako, hakuna kitu. Mwalimu alimleta mkewe, hakuna kitu. Watu wanakuja, wanakaa, wanaangaliana, wanaondoka. Baba ameanza kulia, Mama. Baba."

"Mwache alie," alisema dada yake Bi Uzi.

"Mama mdogo, wewe hukuwaona walivyo wawili pamoja. Mtaa mzima unawaonea wivu." Binti alimgeukia mama yake, akamshika magoti. "Mimi nikigombana na mume wangu, tunanyamaza siku tatu. Nyumba inakuwa kama kaburi. Nikija kwenu Jumamosi ndipo nakumbuka kwamba ndoa inawezekana. Ukimwacha Baba, mimi nitashika nini?"

Bi Uzi alimtazama mtoto wake, huyu aliyebaki. Aliona amevaa gauni lisilopigwa pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaenda kuchukua begi.

Walipoingia nyumbani viti vilikuwa vimejaa mpaka kwenye korido. Ukuta ulimpigia makofi kabla hajavua viatu. Mkaguzi alisimama, amenyoa, macho mekundu, na kwa muda alionekana kama mtu anayetaka kusema kitu ambacho hakukiandika. Nesi aliinama mbele kwenye kiti chake. Wote walingoja.

"Amerudishwa," alisema Mkaguzi. "Nilijua tu. Hata wezi wana macho."

Walicheka dakika nzima. Mkaguzi alikula sahani mbili.

Wageni walipoondoka, binti alisaidia kuosha vikombe. Bi Uzi alikuwa akivifuta na kuvipanga. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono mfukoni, bado anatabasamu kwa yale ya jioni. Alimwangalia mkewe akisugua kikombe kimoja muda mrefu, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Sugua taratibu," alimwambia. "Hicho si kama mimi, hakikuapa kukuvumilia."

Kicheko kikatoka ukutani, upande wa jikoni, juu ya sinki. Mkwe alitazama ukuta, kisha akamtazama mkewe, na rangi ya furaha ikampanda usoni. Binti alicheka pamoja nao. Alipomaliza kucheka, mwanamke yule mwenye kuchelewa alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

"Sema lingine," Mkaguzi aliita kutoka sebuleni. "Usiwape nafasi ya kupoa."

Binti alimgeukia mama yake, mikono ina povu. Bi Uzi alikipokea kikombe, akakifuta ndani na nje, akamwomba ampe kingine.