Hereni za Simaloi

Hamisa alikuwa na maringo kidogo juu ya mashine yake, na nani angemlaumu? Katika hospitali yao kule Handeni, yeye peke yake ndiye aliyejua kupiga picha ya eksirei isiyo na filamu, kisha kuituma kwa mtandao hadi Korogwe, Daktari Kaleb aisome. Leo Kaleb alimpigia simu.

"Picha ya yule mama wa kikohozi haisomeki. Umeipunguza ukubwa mno, halafu kuna vitu vyeupe juu ya mapafu. Siwezi kumwanzishia dawa za miezi kwa kubahatisha."

Hamisa aliona aibu. Aliipunguza ili iwahi kufika. Haraka haraka haina baraka. Na vile vyeupe alivijua: hereni za shaba za mgonjwa huyo, Simaloi, zinazoning'inia hadi kifuani. Alimwonea haya kumwambia avue. Mke wa Kimasai havui hereni zile mumewe angali hai. Kuzivua ni kumzika.

Akarudi kwenye benchi alipokaa Simaloi. "Yeyo," alimwita, yaani mama kwa Kimasai, "safari hii lazima tuzivue."

"Basi nife na kikohozi changu," Simaloi alijibu taratibu. "Mimi si mjane."

Mumewe, mzee Kasaine, akamsogelea na kuzitoa mwenyewe, moja baada ya nyingine. "Nimezitoa mimi, nami ni hai. Nitakaa mlangoni niongee. Maadamu unanisikia, una mume."

Akaanza kutaja ng'ombe wao kwa majina, tangu yule mweupe wa siku ya harusi. Ndani ya chumba cha picha, Simaloi alivuta pumzi akaibana, huku akitabasamu. Hamisa alibonyeza kitufe huku machozi yakimlengalenga.

Safari hii aliituma picha nzima. Ilichukua saa moja na nusu kufika. Simaloi hakutaka hereni zirudi kabla daktari hajaridhika, asije akavuliwa mara ya pili. Kwa hiyo Kasaine aliendelea kuongea. Ng'ombe wakaisha, akaingia kwa mbuzi, sauti ikamkauka.

Simu ikalia. "Nimekiona," alisema Kaleb. "Kivuli kidogo, palepale hereni zilipoficha. Inaonekana ni kifua kikuu, bado kichanga. Akimeza dawa zote atapona."

Kasaine alimrudishia mkewe hereni, ya kulia kwanza, bado akinong'ona majina ya mbuzi. Simaloi akaushika mkono wake.

"Sasa nyamaza, mume wangu," alisema. "Pumzika."